Saa Aliyozaliwa Suqin

Aliyeliosha jiwe la kaburi la Suqin alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Ren Huiping aliliona hilo kabla hajatua kikapu chake chini. Majira yote ya baridi upepo wa nyanda zile hupuliza vumbi la njano juu ya kila kitu, juu ya mapaa, juu ya punda, juu ya makaburi ya mababu kule mlimani. Lakini jiwe hili, lililosimama peke yake ukingoni mwa korongo, lilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akainama. Ndani ya mikato ya maandishi kulikuwa na weusi. Akapitisha kidole, akanusa. Ulikuwa wino.

Kazi hiyo aliijua, maana yeye mwenyewe alikuwa ameifanya mara nyingi mbele ya mawe ya kale. Unalilowesha jiwe, unabandika karatasi nyembamba juu yake, kisha unaipigapiga kwa kitambaa kilichochovywa wino mpaka maandishi yahamie karatasini. Ni kazi ya subira. Lakini huyu hakunakili jiwe zima. Jina la Ren Suqin, lililochongwa kubwa katikati, halikuguswa. Maneno ya chini yake, "binti, dada, fundi wa cherehani", hayakuguswa. Wino ulikuwa kwenye mstari mmoja wa pembeni: mwaka, mwezi, siku na saa aliyozaliwa. Na begani pa jiwe palifungwa uzi mwekundu.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza, na baadaye ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Alidhani ni mwanafunzi wake. Kule chuoni, katika mji mkuu wa jimbo, Huiping alifundisha historia ya wanawake, na wanafunzi wake walimjua kwa jambo moja: hakuvumilia mtu kuachwa bila jina. Miaka mingi alikuwa amesoma vitabu vya koo, vile ambavyo mwanamume huandikwa kwa jina lake na matendo yake, na mkewe huandikwa "wa ukoo wa Wang" basi, na binti haandikwi kabisa kwa sababu ni wa kupita. Dada yake Suqin alipofariki kwa ugonjwa wa damu wakati wa mavuno, akiwa hajaolewa, na kijiji kikasema azikwe ukingoni mwa korongo bila alama, kama ilivyo desturi, Huiping alisema hapana. Alishindwa kuzuia asizikwe mbali na mababu. Lakini jiwe alilisimamisha, akalichongesha jina na siku na saa, ili angalau mwanamke mmoja wa ukoo ule ajulikane kwamba aliwahi kuzaliwa.

Mama yake alipinga, lakini kwa sauti ndogo. "Kaburi la msichana halisemi," alimwambia. Huiping alidhani anaona haya.

Sasa ilikuwa sikukuu ya kufagia makaburi, naye alikuwa amekuja na mikate ya mvuke, matofaa na kitambaa cha hariri alichokuwa Suqin akikitamani. Akavipanga. Akawasha ubani. Alipoufungua ule uzi mwekundu aone umefungwaje, fundo lilikuwa zuri, la mtu asiyekuwa na haraka. Akautia mfukoni, akashuka nyumbani.

Nyumba yao ilichimbwa ubavuni mwa kilima, kama nyumba zote za pale, na ndani mama yake alikuwa akikunja tambi juu ya jiwe la kukunjia, huku mkwe wake Qiaomei akikata vitunguu. Qiaomei alikuwa na mimba kubwa. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo alikuwa akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba bakuli la mafuta lililojaa. Mumewe Baoshan, mdogo wake Huiping, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini, akila.

"Mwalimu wetu huyo!" alisema Baoshan. "Kaa. Tambi za leo mama amezikunja nyembamba, anadhani mjini mmesahau kutafuna."

"Nyamaza wewe, hata kuchota siki hujui," alisema Qiaomei. "Wifi, njoo ukae huku kwenye joto."

Huiping akavua koti. "Kuna mtu alikuja kumwona Suqin," akasema. "Ameliosha jiwe. Nadhani ni mmoja wa wanafunzi wangu, maana amenakili maandishi kwa wino."

Mama hakugeuka. "Maandishi yapi?"

"Ule mstari wa kuzaliwa tu. Nashangaa jina ameliacha."

Kisu cha Qiaomei kilisimama juu ya ubao. Mama alibaki na tambi moja kidoleni, imezunguka kama pete, kisha akaiweka chini polepole, akakaa kwenye kigoda bila kukitazama, nusura akikose.

"Mpaka saa?" akauliza. "Uliandika mpaka saa?"

"Mama, nilikwambia wakati ule. Siku na saa."

"Uliniambia utaandika jina."

Huiping akautoa uzi mwekundu mfukoni. Akauweka mezani. Qiaomei aliuona, akainuka, akatoka nje mkono ukiwa tumboni, asitake kuwa chumba kimoja na kile kitu. Na ndipo Huiping, aliyekuwa amesoma juu ya desturi hiyo katika vitabu, aliyewahi hata kuitolea mhadhara akiiita jambo la zamani lililobaki katika vijiji vichache, alipoelewa.

Maana pale kwao kijana akifa bila mke, haachwi hivyo. Hutafutiwa msichana aliyekufa bila mume, wakaozwa, wakazikwa shimo moja. Na mshenga wa harusi ya namna hiyo hana haja na jina. Jina halilinganishwi na chochote. Kinacholinganishwa na mpiga ramli ni mwaka, mwezi, siku na saa. Na uzi mwekundu ni alama ya posa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikwambia. Nilikwambia kaburi la msichana halisemi."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Jambo kama hilo linatamkwa? Ukilitaja unaliita." Mama alijifuta mikono kwenye aproni, ijapokuwa mikono ilikuwa mikavu. "Bonde la pili, kwa akina Hou, walimzika binti yao kabla ya theluji. Theluji ilipoyeyuka wakakuta shimo. Hakuna aliyejua amekwenda wapi. Mpaka leo mama yake akiona harusi anafunga mlango."

Baoshan peke yake alikuwa akiendelea kula. Alipomaliza alilamba kijiti kimoja cha kulia, kisha cha pili, akaviweka sambamba juu ya bakuli. "Watakuja," alisema. "Aliyefunga uzi hajaiba. Aliyefunga uzi anakuja mlangoni."

Walikuja kesho yake asubuhi. Mbele alikuwa mwanamke mnene mwenye skafu ya kijani na meno mazuri, naye kila mtu alimwita Shangazi Tong. Alikuwa ameozesha nusu ya bonde, hai kwa wafu. Nyuma yake alifuata mwanamke mwembamba aliyebeba chupa mbili za pombe na mfuko wa kunazi kavu, akitazama chini, kama mtu aliyeingia hospitali na hajui aulize nani.

"Hodi, hodi, mama Huiping! Mbona nyumba ina moshi na hakuna chai?" Shangazi Tong alikuwa ameshakaa. "Na huyu ndiye mwalimu? Lo, nilidhani mwalimu ana miwani na mvi. Mwalimu, na wewe bado hujaolewa? Usijali, nitakutafutia. Nitaanza na walio hai!"

Akacheka mwenyewe. Qiaomei naye alicheka kidogo, kwa sababu Shangazi Tong ni mtu ambaye ni salama zaidi kucheka naye.

"Sema kilichokuleta," alisema Huiping.

"Watu wa mjini, hawangoji hata funda la kwanza la chai." Mshenga akageukia mama. Sauti yake ikalainika. "Mama Huiping, huyu ni mama Shi, kutoka ng'ambo ya mlima. Mwanawe Genwang alikuwa mgodini. Unakumbuka ule mgodi ulioporomoka. Kijana mzuri, hakuvuta hata sigara. Saa zao tumempelekea mpiga ramli, hawa wawili. Mzee yule ana roho ngumu, hajawahi kumsifu mtu. Lakini alitazama, akatazama tena, akasema: hii ni kufuli na ufunguo."

"Mlizichukua bila kuuliza," alisema Huiping.

"Mwalimu, zilikuwa njiani. Mtu akitundika nguo barabarani, anayepita akiitazama ni mwizi?"

Mama Shi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama mama yake Huiping. "Mkwe," alisema, halafu akajisahihisha, "dada. Mwanangu analala peke yake. Ananijia ndotoni, ananiambia kuna unyevu."

Huiping aliona mkono wa mama yake ukisogeza kikombe cha chai kuelekea upande wa mgeni. Hilo lilimtia hofu kuliko maneno ya mshenga.

"Dada yangu alikataa kuolewa," alisema Huiping. "Akiwa hai. Mlijua hilo? Waliletwa watatu, wote akawarudisha. Hatumtoi."

"Vizuri," alisema Shangazi Tong, bila kuudhika hata kidogo. "Hatulazimishi. Sisi tunagonga mlango. Lakini mwalimu, wewe ni msomi, hebu fikiria hili. Jiwe liko nje tangu mavuno. Unadhani ni mimi tu ninayejua kusoma? Mpiga ramli aliniambia saa ile ile imeshapelekwa kwake na wengine. Wawili? Watatu? Sikuuliza. Mmoja anatoka mkoa mwingine kabisa, ana lori." Akanywa chai. "Hao hawana skafu nzuri kama yangu. Hao huja na koleo."

Walipoondoka waliacha pombe na kunazi mezani, na hakuna aliyewakimbilia kuwarudishia.

Huiping alikwenda kituo cha polisi cha tarafa. Askari wa zamu alimsikiliza kwa adabu, hata akamkaribisha maji ya moto. "Kuiba maiti ni kosa, mwalimu, na kuuza ni kosa," alimwambia. "Lakini kaburi halijafunguliwa. Sasa nimkamate nani, mwenye wino? Na askari wa kukesha korongoni sina." Akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Ningekuwa mimi ningemchoma. Serikali yenyewe inataka hivyo. Kule ng'ambo ya mlima hawaozeshi majivu, wanataka mwili mzima."

Njia nzima ya kurudi, kando ya barabara ambayo malori ya makaa yanaitia weusi, Huiping aliyapima maneno hayo. Hakuyapenda. Suqin aliogopa moto tangu utotoni. Lakini kila alipoyaweka kando, alimwona mtu asiyemjua akishuka korongoni na koleo, akamwona dada yake akipakiwa chini ya turubai, akipelekwa kulala milele kando ya mwanamume ambaye hakumchagua, katika mkoa ambao hakuna mtu atakayejua aliitwa nani. Alipofika nyumbani alikuwa ameshakata shauri.

Mama alilia, kisha akaanza kupepeta mtama uliokuwa tayari safi. "Mwili tulimpa sisi," alisema. "Kumchoma ni kama kusema tulikosea."

"Ni kusema ni wetu, mama."

"Na roho yake itakaa wapi?"

"Na sasa inakaa wapi? Mmemweka ukingoni kama maji machafu." Huiping alijuta papo hapo.

Mama aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka. Mwishowe alisema, "Bora majivu yake yawe yetu kuliko mifupa yake iwe ya watu. Mwambie kaka yako achukue koleo."

Baoshan alichukua koleo. Walipanda wote wawili mchana ule, jua likiwa limefichwa na vumbi, na alipofika ukingoni Baoshan alilisimamisha koleo ardhini, akaliegemea, akatoa sigara. Hakuiwasha.

"Anza upande wa miguu," alisema Huiping. "Nitakusaidia."

"Dada."

"Tukichelewa upepo utatukuta."

"Dada, usichimbe. Hayupo."

Huiping alipiga magoti, akayagusa majani makavu juu ya kaburi kama mtu anayetafuta sindano. Sauti aliyoitoa haikuwa neno.

"Hakuibwa," alisema Baoshan haraka. "Nilimhamisha mimi. Wewe ulipanda basi kurudi mjini, na mimi nikakaa hapa nikalisoma jiwe lako. Nikasema, huyu mwalimu amemtangaza mtoto sokoni. Siku zile zile nilimtoa. Hakuna anayejua, hata mama. Hapa chini kuna udongo tu."

Huiping akakaa chini, akalia kwa faraja, akamshika kaka yake mguu, maana ndio uliokuwa karibu. Alimshukuru. Alimwambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia, kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, kwamba Huiping mwenyewe na vitabu vyake walikuwa vipofu. Baoshan alisikiliza, akitazama ng'ambo.

"Yuko wapi?" aliuliza Huiping alipotulia.

"Pazuri. Pakavu."

"Nipeleke."

Baoshan aliwasha ile sigara. Upepo uliizima, akaiwasha tena. "Nikikupeleka utamtia motoni."

"Kama amefichika hakuna haja ya moto. Nataka kujua tu."

"Na mtu mmoja akijua, wawili wamejua." Alisema bila ukali. Huiping alikuwa amemlea kijana huyu mgongoni, alijua anavyodanganya na anavyosema kweli, na sasa alikuwa akisema kweli. "Dada, nisikilize. Qiaomei anasikia mtu akipiga cherehani. Mchana, akiwa peke yake jikoni. Mimba mbili zilitoka kabla, na hii ya tatu naiogopea. Mpiga ramli anasema kuna mwanamke katika nyumba hii asiye na pa kwenda, na asiye na pa kwenda hurudi kwao. Nimemweka pakavu, ndiyo, lakini si kwake. Kwake ni kwa mume. Hata wewe unalijua hilo, umeliandika."

"Nimeandika kwamba ni dhuluma!"

"Umeandika kwamba wanawake wa ukoo wetu hawana mahali. Ulinisomea mwenyewe, pale mezani. Sasa amepatiwa mahali, unakasirika." Akatikisa kichwa, si kwa dhihaka, kwa uchovu. "Akina Shi ni watu wema. Watamjengea kwa saruji. Hakuna lori litakalomgusa. Nimeshamwambia Shangazi Tong ndiyo."

"Lini?"

"Uliposhuka kwenda polisi."

Huiping alisimama. Alitazama kushoto na kulia: matuta yaliyokatwa kilimani kama ngazi, mikunazi isiyo na majani, mashamba ya mtama yaliyolala, mashimo ya zamani ya kuhifadhia viazi. Kila mahali palikuwa pakavu. Kila mahali palikuwa pazuri. Suqin angeweza kuwa popote katika ardhi ile, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na mtu huyo alikuwa akipangusa majivu ya sigara kwenye suruali yake.

"Nitakushtaki," alisema.

"Kwa kumficha dada yangu asiibwe?" alisema Baoshan. "Nenda. Nitawaambia nimesahau. Qiaomei yuko mwezi wa saba, dada. Usinifanye nichague."

Mama alipoambiwa, aliuliza kama kule ng'ambo ya mlima kuna maji karibu na makaburi. Alipojibiwa kwamba hakuna, alisema, "Afadhali." Kisha akafungua mfuko wa kunazi.

Huiping alijaribu kulipanga jambo lile kama alivyozoea kupanga hoja. Baoshan ndiye mwenye mwili, naye hatasema ulipo. Shangazi Tong ndiye mwenye maneno, naye hakosi jibu. Aliyebaki ni mama wa bwana harusi. Na huyu ni mwanamke, alijiambia, na amefiwa, na hakuna mama atakayemtafutia mwanawe mke asiyemtaka. Watu wa pale huogopa roho ya bibi harusi aliyelazimishwa kuliko wanavyoogopa mgodi. Siku ya tatu akapata lifti kwenye lori la makaa, akavuka mlima.

Kwa mama Shi mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kimejaa wekundu. Mablanketi mapya mekundu yalipangwa mpaka karibu na dari, na ukutani pameegemezwa vitu vya karatasi vya kuchomwa siku ya harusi: televisheni ya karatasi, mashine ya kufulia ya karatasi, na cherehani ya karatasi iliyotengenezwa vizuri mpaka na gurudumu lake. Juu ya kabati palikuwa na picha ya kijana mwenye masikio makubwa, akitabasamu kama aliyeambiwa atabasamu. Mama Shi alikuwa kwenye kitanda cha udongo, amezungukwa na vitambaa, anashona.

"Mwalimu," alisema, akataka kushuka. "Ingia, ingia, mikono yako ina baridi. Niliwaambia watengeneze na cherehani. Kaka yako alisema alikuwa fundi."

Huiping alikaa pembeni ya kitanda. Moto wa chini ulikuwa mwingi. Alisema yote aliyokuja kusema, kwa utaratibu, bila kumtukana mtu. Alieleza jinsi Suqin alivyokwenda kusini kwenye kiwanda akiwa na umri mdogo, akakodi chumba chake, akanunua cherehani yake. Alieleza habari za wale wanaume watatu, na jinsi wa mwisho alivyokuwa mtu mzuri kabisa, naye Suqin akamwambia, kaka, wewe ni mzuri, ila mimi sitaki kuwa wa mtu.

"Hataki, mama," alisema Huiping. "Alikataa akiwa na mdomo. Utampelekea mwanao mtu aliyekataa? Atakaa naye vipi?"

Mama Shi alimsikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa imesimama hewani. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu anayesikia habari za kijiji alichowahi kuishi.

"Mimi pia nilikataa," alisema.

Aliivuta sindano, uzi ukapita.

"Nililetwa hapa kwa mkokoteni wa punda. Baba yangu alinifunga mikono kwa skafu, si kwa kamba, ili watu wasione vibaya. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe wangu, Mungu wa mbinguni amrehemu, alikaa nje ya mlango huo uliouingia, akawa ananiimbia. Hakufungua. Ananiimbia tu." Alitazama kile alichokuwa akishona, akakinyoosha juu ya goti. "Baadaye nikazoea. Mtu huzoea, mwanangu. Genwang ni mpole, si kama baba yake. Na wao wana muda mrefu."

Nje punda alilia, akanyamaza. Mama Shi akamsogezea kikombe cha maji ya moto, akamfunika magoti kwa pembe ya blanketi jekundu, kama anavyofunikwa mtoto aliyetoka mvuani.

"Sasa nisaidie jambo moja, kaka yako hakujua," alisema. Akainua soli ya kitambaa, nyeupe, iliyoshonwa kwa mishono midogo iliyofuatana kwa ukaribu, bado haijakatwa. "Nimeogopa kukisia. Viatu vikimbana atateseka njiani, na vikiwa vikubwa atavidondosha. Alivaa namba gani?"

Huiping alimwona Suqin stesheni ya gari moshi, akivua viatu na kuisugua miguu yake midogo iliyokuwa na baridi daima, baridi hata wakati wa joto.

"Thelathini na tano," alisema. "Lakini uache nafasi ya soksi nene."

Alilisikia neno likitoka, naye hakuweza kulirudisha.

"Mguu mdogo," alisema mama Shi kwa upole. Akachukua mkasi.